Nguo Inayomla Mtu

Mimi ni fundi wa kanzu. Kazi hii niliirithi kwa marehemu baba, barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka thelathini na ushei nimekata badani, nimeunga taharizi na kutia kaba kwa watu wa kila namna: maharusi, mahatibu, mabaharia, na wale wateja wa mara moja kwa mwaka ambao huja siku tatu kabla ya Idi na kutaka kanzu kesho yake. Katika muda wote huo sikupata kudhani kwamba yuko mchunga mbuzi wa bara anayeweza kunifundisha jambo katika nguo. Basi lilinifika, na ndilo ninalotaka kumweleza msomaji leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, ni mwalimu Kalemng'orok. Huo ni mji mdogo wa Turkana ya kusini, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, na kutoka Lodwar kuendelea hadi Kakuma na Lokichoggio. Kijana huyu alichumbia Mombasa, na arusi ilipokuwa imebakiza majuma matano akanipigia simu juu ya kanzu yake.

"Mjomba," akasema, "nishonee ya kijivu. Au hudhurungi. Isiwe nyeupe tu."

Nikamuuliza kulikoni, bwana arusi akimbie nyeupe?

"Mimi mweusi, mjomba. Nyeupe hainikubali."

Sikumbishia. Na hapa ndipo penye aibu yangu, maana maneno hayo aliyapata kwangu mimi. Babake ni mweusi tii, na yeye amemfuata babake. Tangu utotoni akitoka chuoni alikuwa akija kukaa barazani pangu, akisikiliza ninavyowashauri wateja. Akija mtu maji ya kunde, namtandazia bafta nyeupe bila ya kufikiri. Akija mweusi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye majora ya kijivu na hudhurungi. "Hii itakutuliza," nikisema. Nikidhani ni ufundi. Nyumbani nako, khalati yake mmoja alikuwa na mzaha wake: mtu mweusi akitokea ndani ya kanzu nyeupe, yeye humwita nzi katika maziwa, na watu wakacheka. Watu wazima husahau mzaha walioufanya asubuhi. Mtoto aliyeusikia hakui nao ila moyoni.

Tena msomaji anajua nguo nyeupe kwetu ni nini. Ndiyo iliyopendekezwa kwa Ijumaa na kwa Idi, na ndiyo tunayomvika maiti wetu. Kijana akisema nyeupe haimkubali, amejitoa mwenyewe katika safu ya watu. Mamake aliniambia kwamba Idi mbili hakuja nyumbani, kila mara ana udhuru. Nikaona heri niende mwenyewe kumpima, na nikatia mkobani vipande vitatu vya nguo: bafta nyeupe, kijivu na hudhurungi.

Kwenda Kalemng'orok si safari ya mchezo. Kutoka Mombasa hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi Kitale, kisha unapanda Kapenguria, unateremka Marich, unapita Kainuk, na hapo baridi ya milimani umeiaga. Iko miaka ambapo magari ya kipande hicho yalikuwa yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya wezi wa mifugo. Nchi ni kavu, mchanga na mawe, migunga na miiba. Si mbali uko mto Turkwel na mashamba ya Katilu yanayonyweshwa kwa maji yake. Nilipoona mikoma nilifurahi kama niliyekutana na jirani, maana hata kwetu iko. Jua lake walakini halina mfano kwetu. Linapiga moja kwa moja, na kila kitu hafifu linakifuta rangi.

Mpwa wangu alinipokea kituoni. Alivaa shati la rangi ya udongo na suruali ya rangi ya udongo, amesimama mbele ya ukuta wa udongo, na wallahi nilimpita. Aliniita mwenyewe. Tulipoamkiana nikamtazama vizuri. Mashavu yalikuwa yamefanya wekundu usio wa kawaida, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Dirishani kwake nikakiona kikopo cha krimu. Nikajua ya kuwa jambo hili limepita kanzu.

INANILA, NAILA

Asubuhi yake tulikwenda dukani kununua sukari. Tukamkuta mzee mmoja wa Kiturkana, mrefu, mweusi kuliko mpwa wangu, fimbo mkononi na kile kigoda chao kidogo, ekicholong, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Alikuja kununua shuka. Mwenye duka akamtolea ya hudhurungi. Mzee akaitupia begani, akafunga fundo, akatoka nje juani. Mjukuu wake akavuka barabara, akaenda mbali kidogo, akageuka kumtazama babu. Mtoto akatikisa kichwa. Mzee akarudi, akaiweka shuka juu ya meza, akasema maneno mawili matatu ya Kiturkana. Mpwa wangu, ambaye lugha ameshaishika, akacheka.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema, hii inanila."

Ikaletwa ya kijivu. Vivyo hivyo: begani, nje, mtoto ng'ambo ya barabara. Nayo ikamla. Ikaletwa nyekundu yenye mistari ya buluu. Mzee aliposimama nayo juani nilimwona kana kwamba ndiyo kwanza afike: mabega, shingo, mifupa ya uso, macho. Safari hii hakungoja mtoto. "Hii," akasema, "naila mimi."

Nilisimama pale na sukari yangu. Miaka thelathini nimeshona, na sikupata kusikia hukumu ya nguo iliyo fupi na sahihi kama hiyo.

Msomaji asidhani mzee yule alikuwa na bahati ya kubahatisha. Waturkana ni mabingwa wa rangi, na shule yao ni mifugo. Wana majina mengi ya rangi na madoa ya ng'ombe na mbuzi, na mwanamume hupewa jina kwa rangi ya dume lake analolipenda na kuliimbia. *Kwang* ni weupe, *areng* ni wekundu, na maneno hayo utayasikia ndani ya majina ya watu. Wanaume wa zamani walikuwa wakizipaka nywele zao udongo, wakautia rangi, mara nyingi buluu, na kuchomeka manyoya ya mbuni. Mtu mweusi wa nchi ile hakuwa na habari kwamba yuko mahali ambapo ameambiwa ajifiche katika kijivu.

Nikamwamkia mzee, tukakaa kivulini, nikamwomba ruhusa nimwonyeshe nguo zangu tatu. Nilimweleza kwamba kijana anaoa na mimi ndiye mshoni. Mzee akacheka, akamwambia mpwa wangu avue shati na asimame juani. Kijana akaona haya, mwalimu mzima mbele ya duka, lakini amri ya mzee haina rufani. Hudhurungi ikampotezea shingo, huoni mwisho wa nguo wala mwanzo wa mtu. Kijivu kikamfanya mgonjwa. Kisha nikamtupia bafta.

Nitasemaje? Nimemlea mtoto yule, nami sikuwa nimemwona. Weusi wake una wekundu ndani, kama mbao ya mpingo iliyopigwa msasa, na nyeupe ndiyo iliyoutoa. Macho yakawaka. Taya ikachongeka. Hata yale mashavu yaliyochunwa na krimu yalionekana kwa ubaya wake, kwamba ndiyo sehemu pekee ya uso isiyokuwa yake. Mzee akasema neno moja, "Ejok," maana yake ni vyema, akachukua fimbo yake akaenda kwa mbuzi wake.

KOSA LILITOKA WAPI

Usiku sikulala kwa joto na kwa mawazo. Kama jambo ni wazi hivi, mimi nililikosa vipi? Dharau tuliyo nayo Waswahili juu ya weusi ni sehemu ya jibu, na sitaki kuipamba. Lakini iko sehemu nyingine, na hiyo ni ya picha.

Wengi wetu hatukuamua juu ya kanzu nyeupe kwa kumtazama mtu. Tuliamua kwa kutazama albamu. Kumbuka picha za arusi za miaka ya 1970 na 1980: bwana arusi mweusi, kanzu nyeupe, na uso hauonekani ila meno. Tukasema, waona, haimkubali. Kumbe kamera ndiyo isiyomkubali. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na kanzu kumi nyeupe hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na uso mweusi huzama gizani. Filamu zenyewe za rangi nazo zilitengenezwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafishaji picha kadi ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili rangi zipatanishwe na ngozi yake. Inaelezwa kwamba miaka ya 1970 walioilalamikia kampuni ile wakasikizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana pichani. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Basi chokoleti ilipata haki yake mbele ya bwana arusi wa Mombasa!

Elimu ya jambo hili si ngeni. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa kusimamia kazi ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanapofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Akazipima, akaziona hazina kasoro. Kasoro ni jirani: nyeusi ikilazwa kando ya buluu au zambarau hupungua nguvu machoni. Akaifanyia kazi habari hiyo miaka mingi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1839. Humo alionyesha kwamba rangi haikai peke yake, kila moja humgeuza mwenziwe, na nyeupe humkoleza jirani yake. Maneno hayo nayataka msomaji ayashike. Nyeupe haipunguzi weusi wa mtu. Huukoleza, na katika kuukoleza huzitoa zile rangi nyingine zilizomo ndani yake, ambazo nguo ya rangi inayokaribiana na ngozi huzizima. Mzee wa Kalemng'orok hakumsoma Chevreul, nami nadhani Chevreul angependa kumjua.

Kuna na kitabu kingine kilichovuma sana Marekani mwaka 1980, cha bibi aitwaye Carole Jackson, na mwaka 1984 akatoa cha wanaume. Yeye aliwagawa watu kwa majira manne, Kipupwe, Kiangazi na kadhalika, kila mmoja na rangi zake. Watu weusi wengi akawatia fungu moja tu, la Baridi. Mtu wa kaskazi na kusi atajitafuta wapi katika majira hayo, na Mturkana je, ambaye nchi yake ina jua na jua? Lakini nisimdhulumu bibi. Alisema jambo la kweli, kwamba utazame ngozi ya ndani, si ya juu, na kwamba nguo ijaribiwe chini ya kidevu mbele ya mwanga wa mchana.

Maana weusi si mmoja. Chembe zinazotia ngozi rangi, melanini, ziko zenye kuelekea weusi na ziko zenye kuelekea wekundu na manjano, na chini yake inapita damu. Mweusi mwenye wekundu ndani, kama mpwa wangu, hupendeza kwa nyeupe safi na kwa damu ya mzee. Mweusi anayeelekea nili, ambaye juani hung'aa kama kaniki mpya, mpe nyeupe iliyosuuzwa kwa buluu, mpe samawati, mpe kijani kibichi, atakushukuru. Maji ya kunde ndiye wa kumwonea huruma kwa hudhurungi, maana inafanana naye hasa, na mimi niliizoea kumwekea mwingine! Yeye nili iliyoiva humfaa, na nyeupe ya malai humpoza kuliko nyeupe kali. Mweupe wa Kihadhrami mwenye kuiva uso kwa jua, nyeupe kali humzidishia wekundu, na nimeona wengi wakipumzika ndani ya kijivu. Kwa hivyo kijivu si adui, kina wenyewe. Mzee mwenye mvi nyingi atazame mvi zake: zikiwa za fedha avae nyeupe ya fedha, zikiwa na umanjano avae malai, la sivyo kanzu itazichongea ndevu.

Na nyeupe zenyewe ni nyingi. Marekani isiyofuliwa, ile nguo waliyoileta Waamerika Unguja katika karne ya 19 ikabaki na jina lao, ina umanjano. Bafta ni nyeupe iliyotulia. Nguo za nailoni na poliesta za leo zina ung'avu unaorudisha jua usoni, na mtu wa uso wa mafuta atalowa kabla ya hotuba kwisha. Hariri sina haja ya kumkumbusha mwanamume Mwislamu, wala nguo ya manjano iliyotiwa rangi ya kartamu ambayo wanavyuoni wengi wameichukia kwa wanaume. Zilizobaki ni bahari.

Njia ya kujaribu nimeichukua kwa mzee kama ilivyo. Usimtazamie mteja kwenye kioo cha dukani chini ya taa. Mtoe nje. Mtu mwingine asimame mbali, amgeukie ghafla. Jicho likitua kwanza kwenye nguo, nguo imemla. Likitua kwenye uso, yeye ndiye aliyeila. Mwenyewe usiulizwe, maana kila mtu amebeba mzaha wa khalati yake.

Mmoja ataniuliza juu ya joto, kwamba huko Turkana nyeusi si itamwunguza mtu? Nami nilidhani hivyo. Lakini mwaka 1980 wataalamu wanne walitoa katika jarida la *Nature* habari ya majaribio ya majoho ya Mabedui jangwani. Walimsimamisha mtu juani na joho jeusi, kisha jeupe, wakaona joto lililofika mwilini ni sawasawa. Nguo nyeusi hunywa jua zaidi, lakini joho likiwa pana hewa hupita ndani na kulichukua joto hilo kabla halijafika ngozini. Siri ni upana. Fundi anayebana kanzu ili aokoe nguo anamchoma mteja wake, iwe nyeupe au nyeusi.

Usiku wa pili mpwa wangu alinikuta nimetandaza vipande vyote vitatu juu ya meza anayosahihishia madaftari. Alisimama kitambo. "Kata hii, mjomba," akasema, akaigusa bafta. Nikamwambia kwamba zamani nilimfundisha vibaya, na kwamba anisamehe. Akasema hakuna la kusamehe, kama wasemavyo vijana wenye adabu, lakini alikaa kimya baadaye muda mrefu. Juu ya kikopo nilimwambia jambo moja tu: krimu nyingi za namna ile zimekutwa na zebaki, na zebaki huharibu figo. Hakunijibu, na nilipoondoka kikopo kilikuwa bado dirishani. Sikukigusa. Si changu.

Siku ya arusi mpiga picha alimsimamisha mbele ya ukuta mweupe, jua mgongoni. Nikaingilia, ingawa si kazi ya fundi kanzu. Nikamtoa pale, nikamweka ndani ya mlango, mwanga ukimjia kwa ubavu, na nyuma yake kiza cha ukumbi. Nikamwambia yule kijana wa kamera apime mwanga usoni, aache kupima kanzu. Wale wenye simu nao nikawaambia waguse uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Wakanicheka, lakini waligusa.

Picha imetoka. Mashavu hayajapona sawasawa, na mtu akitazama kwa karibu ataona. Wekundu wa ndani upo, macho yapo, na kaba niliyoitia kwa mkono inaonekana uzi kwa uzi, jambo ambalo nakiri limenifurahisha. Khalati yake, yule wa nzi katika maziwa, amenitumia mtoto mara mbili kuomba nakala. Nimemwambia aje mwenyewe.